Nyota Wadogo na Kamusi Elezo: Nani Anastahili Kuandikwa?

Mali bila daftari, walinena wahenga, huisha bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa katika mambo ya biashara, lakini inatuhusu vilevile sisi tunaojishughulisha na lugha na utamaduni, kwa kuwa jina la mtu nalo ni mali, na lisipotiwa daftarini hupotea pamoja na wale waliolijua. Katika enzi hii, daftari ambalo wengi hulifungua kabla ya jingine lolote ni kamusi elezo ya mtandaoni, Wikipedia. Makala haya yanakusudia kuchangia mjadala unaozuka mara kwa mara miongoni mwa wanaoiandika na wanaoisoma: je, nyota wadogo, kama vile mwanamuziki wa kibao kimoja, mtangazaji wa redio ndogo au mwigizaji wa nafasi finyu katika tamthilia ya televisheni, wanastahili kuandikiwa makala humo?

Kabla ya kutoa hukumu, ni vyema tujikumbushe jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa. Wikipedia ilianzishwa kwa Kiingereza mwaka wa 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka wa 2003. Waandishi wake ni watu wa kujitolea; mtu yeyote mwenye intaneti aweza kuyasahihisha makala, kuyapanua au kupendekeza yafutwe. Kila lugha hujiwekea kanuni zake, lakini kipimo kinachotajwa zaidi ni hiki: mtu hastahili makala kwa sababu anapendwa au ana wafuasi wengi, bali kwa sababu watu wasiofungamana naye wameandika habari zake kwa kina katika vyanzo vya kuaminika, yaani magazeti, vitabu na majarida ya kitaaluma.

Wapo wanaoshikilia kwamba nyota wadogo wafungiwe mlango. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema kwamba kamusi elezo ni hazina ya maarifa wala si ubao wa matangazo. Kwamba wasanii chipukizi na mawakala wao huyageuza makala kuwa vipeperushi vya kujisifu. Na kwamba msomaji akikuta wasifu wa mchekeshaji wa juzi ukiwa mrefu kuliko wa mwanafasihi aliyetunga kwa miaka arubaini, atapotoshwa kuhusu lipi zito na lipi jepesi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayelazimika kujiandikia makala, wanauliza, si amekwisha kukiri kwamba hapana mwingine aliyeona haja ya kumwandika?

Wanaopinga rai hiyo hujibu kwamba kamusi elezo ya mtandaoni haina kurasa za kuhesabika kama kitabu cha karatasi, kwa hivyo wasifu wa mwimbaji mdogo haumnyang'anyi nafasi mshairi mkubwa. Jibu hili lina ukweli nusu. Nafasi ni tele, lakini macho ya kulinda ni machache. Mwaka wa 2005, katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu asiyejitaja aliandika kwamba mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya Rais John Kennedy na nduguye Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, nao ulikaa humo kwa takriban miezi minne. Ukurasa wa rais wa nchi husomwa na maelfu, na uwongo ukitiwa humo huonekana upesi. Ukurasa wa mtu asiyejulikana sana waweza kukaa bila mlinzi hata mmoja. Kwa hivyo, kumwandika nyota mdogo bila ushahidi si lazima iwe hisani kwake. Yaweza kuwa ni kumwacha mlango wazi usiku.

Hata hivyo, historia ya fasihi yetu inatuonya tusiwe wepesi wa kudharau. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kati ya mwaka wa 1776 na 1840, leo ni nguzo ya mitaala yetu. Lakini sehemu kubwa ya tungo zake ilihusu mambo ya mji wake: siasa za Mombasa na mahasimu wake, mapenzi, deni na njaa. Lau tungempima kwa jicho la mbali la zama zake, angeonekana ni msanii wa mtaa tu. Zilipita karne nzima tangu kufa kwake kabla ya diwani yake kuchapishwa na Hichens mwaka wa 1940, na hilo liliwezekana kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo hizo kutoka vinywani mwa watu na kumpa mmishonari Taylor. Pasingalikuwapo Sikujua, huenda leo hatungekuwa na Muyaka wa kusomwa.

Mfano wa Siti binti Saad una uzito zaidi, kwa maana yeye alikuwa nyota hasa. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya hali ya chini, akauza vyungu kabla ya kuimba, na mwaka wa 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Waliomdharau kwa sura yake na asili yake hawakukosekana. Hata hivyo Shaaban Robert, bingwa wa nathari na ushairi, hakuona kwamba angejishusha hadhi kwa kuandika wasifu wa mwimbaji; alikiandika kitabu hicho, kikatoka katika miaka ya 1950. Hapa ndipo penye funzo. Siti hakuingia katika historia kwa sauti yake peke yake, bali pia kwa sababu palikuwa na shahidi aliyeshika kalamu.

Ni dhahiri basi kwamba swali la ukubwa au udogo wa nyota si swali sahihi. Swali sahihi ni la ushahidi: nani ameandika kumhusu, na ameandika nini? Nakiunga mkono kipimo cha vyanzo huru, kwa sababu ndicho kinachotenganisha wasifu na tangazo. Lakini kipimo hicho nacho hutegemea jamii inayoandika. Mwezi wa Mei mwaka wa 2018, rasimu ya makala kuhusu mwanafizikia wa Kanada, Donna Strickland, ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa madai kwamba vyanzo havikutosha kuonyesha ustahili wake. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Haukuwa udogo wa kazi yake. Ulikuwa uchache wa waliomwandika.

Ikiwa hayo yalitokea katika lugha yenye magazeti na majarida chungu nzima, itakuwaje kwetu? Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang' wa Vitimbi, alituchekesha kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka wa 2015. Lafudhi aliyoitumia jukwaani ni mada tosha kwa mwanafunzi wa isimujamii. Yeye alikuwa na bahati ya kuandikwa magazetini. Lakini wale walioigiza kando ya nyota kama yeye, waliotunga vichekesho, waliosoma mashairi redioni asubuhi, aghalabu habari zao zilipita hewani na kutoweka. Kwao, kipimo cha vyanzo ni kama mizani iliyo sawa ambayo hawana cha kuweka juu yake.

Wala dawa si kuivunja mizani. Dawa ni sisi kuandika. Kamusi elezo haipokei utafiti ambao haujachapishwa, kwa hivyo mwanafunzi akimhoji manju wa kijijini kwao na kuyamwaga majibu moja kwa moja mtandaoni, yatafutwa, na kwa haki. Lakini mahojiano hayo yakihaririwa na kutolewa katika jarida kama hili, yanageuka kuwa chanzo ambacho mwingine aweza kukirejelea. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 na mwanzoni mwa 2010, kampuni ya Google iliandaa shindano la kuandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yalipatikana. Zawadi zilipokwisha kutolewa, kalamu nyingi ziliwekwa chini. Daftari la taifa haliwezi kuandikwa kwa msimu wa zawadi.

Napendekeza basi kwamba anayetaka kumwandikia nyota mdogo makala ajiulize maswali matatu. Je, ipo kazi inayoweza kutajwa, au ni jina tupu? Je, wapo mashahidi wasiopungua wawili wasio jamaa, rafiki wala wakala wake? Na je, kuandikwa huko kutamdhuru? Mtu aliyevuma siku mbili kwa aibu moja hana deni la kukumbushwa aibu hiyo maisha yake yote. Akishindwa katika lolote kati ya haya, na asubiri. Akifaulu yote matatu, hakuna sababu ya kumfungia mlango, hata kama sisi wasomi hatuupendi muziki wake.

Wanakiswahili wenzangu, ni rahisi kulalamika kwamba vijana wanamjua mchekeshaji wa mtandaoni kuliko mshairi wa Lamu. Ni vigumu zaidi kufunga safari, kuketi na mshairi huyo, kuyanakili maneno yake na kuyachapisha angali hai. Tukilifanya hilo, mjadala wa nani anastahili utapungua makali, kwa kuwa ushahidi utakuwapo wa kumtetea. Tusipolifanya, daftari litajazwa na wanaojua kujitembeza, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.