TAIRI LISILO NA RISITI

Ndugu zetu madereva wa mabasi madogo wametufikia zaidi ya mara moja na lalamiko lile lile: tajiri humpa dereva fedha ya tairi moja, akamwagiza alete mawili. Aende wapi? Huenda kwa mtu asiye na duka wala leseni, ambaye leo yupo Gerezani na kesho hayupo. Hurudi na matairi mawili yanayong'aa, na tajiri humsifu kuwa ni kijana hodari.

Sifa hiyo twaiogopa.

Tairi kuukuu hupakwa dawa nyeusi likapendeza, nalo limekwisha kukauka. Yaliyokuwa vipara huchongwa kwa kisu cha moto yaonekane yana meno, kumbe kila mchongo umepunguza mpira uliobaki juu ya nyuzi. Tuliosoma kwa wamisionari tulifundishwa habari za makaburi yaliyopakwa chokaa. Hatukujua kuwa siku moja tutayaona yamefungwa kwenye magurudumu.

Hata hivyo mnunuzi hakuachwa kipofu. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, mna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukilala ghalani. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10, hata kama meno yake ni mazima. Mchuuzi aliyekwangua tarakimu hizo amekwisha kujihukumu.

Lakini hila ituudhiyo kuliko zote ni ile ya mzigo. Tairi la 195/65 R15 la gari la nyumbani na tairi la 195 R15C la basi dogo huingia katika ringi za kipimo kimoja. Asiyejua huambiwa kwamba yote ni "namba 15", akachukua lililo rahisi. Na asome tarakimu zinazofuata! Penye 91, tairi moja labeba kilo 615 tu. Penye 106, kilo 950. Basi lililojaa watu lateremka Kitonga juu ya mpira uliotengenezwa kumbeba karani na mkewe.

Wako watakaosema twawaonea wachuuzi wadogo. Sivyo. Mchuuzi mwenye meza yake na leseni yake ni mtu wa jasho kama sisi. Leseni hatuitaki kwa kupenda makaratasi, bali kwa kuwa mwenye leseni ana mahali pa kumrudia. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipozima, zaidi ya miaka kumi iliyopita, matairi yetu mapya hutoka ng'ambo na kupita mikono mingi. Risiti ya mashine ya kodi, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, humtaja muuzaji na namba yake ya mlipa kodi. Ukiwa nayo waweza kupeleka mashtaka yako Shirika la Viwango au Tume ya Ushindani. Usipokuwa nayo, utasema uliuziwa na nani?

Sasa twamgeukia tajiri. Tairi likipasuka, wa kwanza kutiwa pingu ni dereva, ikiwa yu hai. Tajiri hudai bima. Ndiyo maana hatukubali kwamba jambo hili ni la ujinga wa madereva peke yao. Twataka vyama vya madereva vidai maneno haya katika mikataba ya kazi: dereva akataaye kuondoka na gari lenye vipara hafukuzwi, wala hakatwi ujira wa siku hiyo. Na fedha ya matairi itolewe kamili, yanunuliwe dukani, na risiti iandikwe jina la mwenye gari.