Askari na Okidi ya Chui

Askari anayepiga doria porini hufunzwa kutambua nyayo, mtego na kisiki kibichi. Sisi twaona yafaa afunzwe pia kutambua ua moja: okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana, imeayo juu ya miti katika mapori ya Uganda na nchi jirani.

Kuitambua si kazi ngumu. Mashina yake husimama pamoja mfano wa miwa midogo, na maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia. Hata isipochanua, mizizi yake myeupe huchomoza kuelekea juu kama sindano na kunasa majani makavu. Wala hainyonyi mti, imeupanda tu.

Tangu mwaka 1975 biashara ya okidi baina ya mataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Lakini mkataba haulindi kitu ambacho mlinzi hakijui. Gunia la mashina hayo likipita kwenye kizuizi cha barabarani likidhaniwa kuwa miwa, sheria imeshindwa mbele ya macho yetu. Ndugu askari, ijueni okidi hii.