Mama hayuko sawa na mwenye kumuuliza

Wamama wenye kuosha mawe ya kobalti pale Kolwezi wamekwisha kuzoea wageni wa kalamu. Anakuja mwanamke msomi, wa Ulaya ao wa universite ya hapa kwetu, anavua viatu, anaingia mu maji pamoja nao, anasema: “Mimi pia ni mwanamke, tuko sawa.” Sisi wa sendika tunasema: hapana, mama, hamuko sawa. Wewe utatoka mu maji saa unapenda. Yeye atatoka mfuko ukijaa.

Hatukatai utafiti. Bila wale walioandika, dunia ingejua nini juu ya watoto na wamama wa ku mawe? Lakini saa mbili za maswali ni saa mbili bila kuosha, na negosia halipi maneno, analipa kazi. Msomi anapata diplome, mama anapata sabuni. Na picha yake ikitembea na sura wazi, inaweza kumfukuzisha ku kazi.

Si jambo la leo. Wakati wa Union Minière, wamadame wa foyer social walikuwa wanapita mu nyumba za kambi, kuangalia namna gani bibi za wafanyakazi wanapika na kuosha watoto. Nao walikuja kama wanawake kwa wanawake. Ni bibi gani wa mfanyakazi alienda kukagua jiko ya madame?

Wasomi wenyewe wanajua. Mu 1988, Judith Stacey, msomi mwanamke wa Marekani, aliandika kama utafiti wa urafiki unaweza kumuumiza mwanamke kupita ule wa mbali: siri aliyompa rafiki inageuka kitabu. Alisema kweli. Lakini mama wa ku mawe hatasoma ile, iko mu Kingereza.

Basi, mbele ya swali la kwanza, sema nani anakulipa. Lipa muda wa mama. Akikataa, mwache, hata kama shefu wa kooperative amekubali. Usimuulize mbele ya negosia, ya bwana yake, ao mbele yetu sisi wa sendika, sababu pale atajibu paka ile tunapenda kusikia. Na kazi ikiisha, rudi, umusomee mu Kiswahili, akate ile hapendi.

Nanyi wamama, mgeni akimaliza, mumuulize: kwako munalala watu ngapi? Bwana yako anakupiga? Mshahara wako ni ngapi? Tuone kama atajibu.