"Si dharura," walisema

Mimi si daktari. Nafundisha hesabu mwaka wa sita hapa kambini, kwa hiyo nitaongea kama mwalimu wa hesabu, na kama baba wa mtoto mwenye tundu kwenye moyo.

Binti yetu ana mwaka mmoja na miezi saba. Alipokuwa na miezi mitatu, mama yake aliona kwamba akinyonya anatoka jasho la paji la uso mpaka linadondoka, halafu anaachia ziwa akiwa bado na njaa, anahema kama aliyetoka kukimbia. Sisi tulidhani ni joto. Kliniki walisema nimonia, na kweli nimonia ilikuwepo, imerudi mara nne. Wa lishe nao wakamwandikisha, wakatupa zile pakiti za karanga. Uzito haukupanda. Siku moja dada wa lishe akamwambia mke wangu mbele ya wamama wenzake eti bila shaka anaziuza pakiti. Mke wangu hakujibu. Alirudi nyumbani akalia mpaka usiku. Kumbe kila kidogo alichokula mtoto kilikuwa kinamalizwa na moyo wenyewe, unaofanya kazi kupita kiasi mchana na usiku.

Alipofika miezi minane ndipo daktari mmoja mgeni akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akaandika kipimo cha picha ya moyo, kile wanachoita eko. Tulikwenda, tukarudi na karatasi: tundu kubwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. "Hili linazibwa," akatuambia, "na upasuaji unafanyika humu humu nchini." Ni kweli. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, na watoto wanapasuliwa moyo pale. Zamani hata mtoto wa Mtanzania ilibidi apelekwe India.

Karatasi ikaingia kamati ya rufaa. Sasa ni miezi 11. Nikienda kuuliza naambiwa kwa upole kabisa, "Mwalimu, faili liko kamati. Huu ni ugonjwa wa muda mrefu, si dharura."

Ninagombana na neno hilo.

Tundu likiwa kubwa, kila pigo la moyo linasukuma damu nyingi kuliko inavyotakiwa kwenda kwenye mapafu. Mishipa ya mapafu inavumilia, inavumilia, mwisho inakakamaa. Ikishakakamaa sana damu inageuza njia, mtoto anakuwa wa bluu midomoni na kwenye kucha, na hapo kuliziba tundu kunaweza kumuua. Ndiyo maana tundu la namna hii huzibwa mapema, mara nyingi kabla mtoto hajamaliza mwaka. Haya si ya kwangu, nimeelezwa na madaktari wenyewe, na wanaokaa kamati wanayajua kunishinda.

Sasa njooni kwenye hesabu. Kamati inaangalia gharama, na inaangalia kama mgonjwa ana matumaini ya kupona. Hata mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 kuhusu rufaa umeandikwa hivyo, hakuna siri. Sawa. Lakini matumaini ya mtoto huyu yalikuwa makubwa alipokuwa na miezi minane, na yanapungua kila mwezi faili linapolala. Siku watakapolifungua wataandika kwamba matumaini ni madogo, na watakuwa wamesema kweli! Nani aliyeyapunguza? Mwanafunzi wangu akisahau kuweka muda kwenye swali la mwendo namrudishia daftari.

Najua pesa ni chache. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua atangulie, na gari likikwama nitalisukuma mimi mwenyewe. Ila bei ya upasuaji isiwekwe mezani peke yake. Wekeni na mara nne alizolazwa, oksijeni, sindano, maziwa ya lishe, mafuta ya gari la wagonjwa. Jumlisheni, halafu tuongee.

Na msituambie kwamba wanakijiji huko nje nao wanasubiri. Wanasubiri, ni kweli, na wengi wao ni maskini kama sisi. Lakini mwanakijiji akichoka kusubiri atauza ng'ombe, apande basi. Mimi kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 siwezi kutoka bila kibali, na ng'ombe zangu zilibaki Fizi.

Majirani, msicheke, ninyi pia nina neno lenu. Kuna aliyemwambia mke wangu, "Muache tu, mungezala mwingine." Kuna aliyetuletea maji ya maombi akasema dawa ya kukojoza inamshindisha Mungu. Tukasikiliza, ndiyo, na mimi mwalimu mzima nikasikiliza. Siku tatu bila dawa, ya nne mtoto yuko kwenye oksijeni. Anayetaka kumwombea aje aombe, mlango uko wazi. Chupa ya dawa asiiguse.

Sidai binti yangu aruke mstari. Nataka mzazi aambiwe kamati inakaa tarehe gani. Nataka jibu liandikwe kwa Kiswahili pamoja na sababu yake, hata kama ni hapana. "Hapana" ya mwezi wa kwanza ingetupa muda wa kutafuta ndugu, kanisa, mfadhili. Hii "subirini" ya miezi 11 imetufunga mikono. Na mtoto anayesubirishwa apimwe eko tena kwa wakati, maana karatasi wanayoisoma ni ya mtoto wa miezi minane, na huyo hayupo tena.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, baadhi yenu mmemfundisha huyu mtoto kupunga mkono. Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi la nje ya ofisi ya rufaa, na karatasi yangu ya eko kwenye mfuko wa plastiki. Nitauliza tarehe.