Tajiri Aulizwe Maswali

Mwaka 2022, mchujo wa ugavana wa chama cha ODM, Mombasa, haukufika debeni: mfanyabiashara Suleiman Shahbal alimwachia Abdulswamad Nassir tiketi. Wapenda mageuzi wa Kwale nao, wakielekea uchaguzi wa 2027, wanajiuliza kama wamuunge mkono tajiri wa namna hiyo.

Utajiri si dhambi, na mwenye pesa zake huenda asihongeke upesi. Lakini leso na pakiti ya unga zikigawiwa usiku wa kuamkia kura ni hongo, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaikataza.

Wapiga kura wa Kwale wanaweza kujiamulia: eneobunge la Msambweni halikuburutwa na vyama. Desemba 2020 lilimchagua Feisal Bader, mgombea huru, kuwa mbunge.

Basi tajiri aulizwe hadharani: pesa za kampeni zinatoka wapi? Ardhi iliyochimbwa na kampuni ya madini ya Base Titanium hadi Desemba 2024 itakuwa ya nani? Akikwepa, anyimwe kura.