Nyimbo za likizo kubwa: kurudilia vizuri si kuiga tu



Kiangazi kimeingia. Vumbi linapanda barabarani, nguo zinakauka upesi, na watoto wako nyumbani mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa. Sisi walimu tumeweka chaki chini, sasa nyumba ndiyo darasa. Na nyumbani, mara nyingi wimbo unafundisha kupita fimbo. Kwa hiyo juma hili tuzungumze juu ya nyimbo tunazopenda majira haya, hasa zile ambazo mmoja aliziimba, kisha mwingine akazirudilia.

Tuanze na ule unaosikika kila tarehe 30 mwezi wa sita: Indépendance Cha Cha. Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, pamoja na African Jazz yake, waliutoa kule Bruxelles mwanzoni mwa mwaka 1960, wakati viongozi wetu walikuwa huko katika mazungumzo ya Meza ya Duara. Ni wimbo wa furaha, na ndani yake yanatajwa majina ya viongozi na vyama. Watoto wetu wanaucheza sana. Ukiwauliza majina hayo ni ya nani, wananyamaza.

Karibu miaka 50 baadaye, Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliurudilia. Akaupa pia jina la Kiswahili, Siku ya Baadaye. Sauti ya zamani bado inatambulika, lakini yeye ameongeza maneno yake, na swali lake ni zito: sherehe ilipokwisha, uhuru huo tuliufanyia nini? Huko ndiko kurudilia tunakokupenda. Hakumdharau mzee Kallé wala hakumwiga kama kasuku. Alimjibu, kama vile mtoto mkubwa anavyomjibu baba yake kwa heshima.

Wimbo wa pili ni Malaika. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeutangaza kwa sahani karibu na mwaka 1960, ingawa mpaka leo watu wanabishana nani aliutunga, na wengine wanamtaja Adam Salim wa Tanzania. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka duniani kote. Boney M. nao wakauimba mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake Logozo, mwaka 1991.

Ni wimbo wa kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa. Ukimsikiliza Makeba, unasikia huzuni ya kijana yule, hata kama Kiswahili si lugha aliyozaliwa nayo. Ukiwasikiliza Boney M., miguu inacheza vizuri, lakini machozi yamepotea njiani. Kwa masikio yetu, Makeba amewashinda. Na sisi wa Bukavu tunajua uzito wa maneno yale. Vijana wangapi katika mitaa yetu wanangoja kuoa kwa sababu ng'ombe wanaoombwa ni wengi kupita mfuko wao? Mama mwenye kijana au binti mkubwa anaweza kuanzia kwenye wimbo huo na kuzungumza naye juu ya mali na ndoa, bila kumtisha.

Wa tatu ni Shauri Yako. Wengi wanafikiri ni wa Super Mazembe, wanamuziki wa kwetu waliohamia Nairobi. Kumbe wao waliurudilia. Mwenye kuutunga ni Nguashi Ntimbo. Waliuimba vizuri hata ukapendwa katika Afrika Mashariki yote, lakini jina la mtunzi likabaki nyuma. Kikwembe cha kuazima unaweza kukifunga kwa namna yako, ila usiseme ulikinunua. Vikundi vyetu vya mama na korali zetu tushike hilo: tukiimba wimbo wa mtu kwenye ndoa au tarehe 8 mwezi wa tatu, tutaje mwenyewe kwanza. Ni sekunde chache tu.

Sasa tuje nyumbani. Familia nyingi zimekimbilia mjini kutoka vijijini, na wengi walifika bila hata sufuria. Lakini nyimbo walizibeba: za kubembeleza mtoto, za kulima, za kusindikiza bibi arusi, kwa Mashi, Kihavu au Kirega. Mtoto anayekulia Kadutu au Panzi leo anazijua nyimbo za kwenye simu peke yake. Koko akiondoka, wimbo unaondoka naye, na hakuna duka la kuununua.

Kwa hiyo tunapendekeza kazi ya likizo, na haiombi pesa. Jioni umeme ukikatika, koko, mama au shangazi afundishe wimbo mmoja. Mtoto auandike ndani ya kaye: maneno yake, maana yake kwa Kiswahili, jina la aliyeufundisha, kijiji chake, na kazi iliyofanywa ukiimbwa. Wakiisha kuujua, wawe huru kuurudilia kwa namna yao, hata kwa kugonga bidoni kama ngoma. Mtoto akiweka jina la mdogo wake mahali pa jina la zamani, msimkataze, ndivyo wimbo unavyoendelea kuishi. Mkatazeni jambo moja tu: kuimba neno asilolielewa. Wimbo unaotukana wanawake unaingia nyumbani hivyo hivyo, kwa sauti tamu.

Masomo yakianza tena, kila kikundi kilete kaye moja mkutanoni. Tutaimba, tutacheka, na wasichana watajua kwamba bibi zao walikuwa watunzi.

Likizo njema kwenu na kwa watoto.