Mshonaji wa Ballyvadlea

Wako miongoni mwetu wanaodhani kuwa Ulaya haikupata kuwa na hofu ya visivyoonekana. Leo tunawachukua wasomaji wetu hadi Ballyvadlea, katika jimbo la Tipperary nchini Ireland, mwezi Machi mwaka 1895.

Wakulima wa Ireland waliamini kuwa ndani ya maboma ya kale ya duara, yaliyotapakaa mashambani mwao, wanaishi watu wa siri, sisi tungesema majini, ambao huiba binadamu na kuacha mahali pake kiumbe kinachofanana naye. Mti uliomea juu ya boma haukukatwa. Chuma kiliaminiwa kuwafukuza viumbe hao, na kwa sababu hiyo mhunzi aliogopwa na kuheshimiwa. Upande wa magharibi watoto wa kiume walivishwa magauni ili wasitamaniwe. Yakisimuliwa usiku kando ya moto, mambo hayo yanapendeza.

Bridget Cleary, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani, alifuga kuku na kuuza mayai, na fedha zake alizishika mwenyewe. Hakujaaliwa mtoto. Mumewe, Michael, alikuwa fundi wa mapipa, tena mtu ajuaye kusoma na kuandika. Mwanzoni mwa Machi Bridget alishikwa na baridi, kichwa kikamuuma, akalala. Daktari aliitwa, lakini hakufika hadi tarehe 13. Kufikia hapo mume alikwisha kushawishika kuwa aliyelala kitandani si mkewe. Alidai kuwa huyu ni mrefu kuliko yule aliyemwoa.

Jioni ya tarehe 14 jamaa walimshika kwa nguvu, wakamnywesha mitishamba iliyochemshwa kwa maziwa, wakamtaka aseme kwa jina la Mungu kama yeye ndiye Bridget. Alijibu kuwa ndiye. Usiku uliofuata mumewe alimwangusha karibu na meko, akammwagia mafuta ya taa, akamchoma.

Baba yake mzazi na binamu zake walikuwamo nyumbani. Mahakamani ilielezwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo umo mfukoni mwa mume. Huenda. Lakini jioni iliyotangulia mikono iliyomshika ilikuwa yao. Nasi tunashuku kuwa ile cherehani na fedha za mayai zilikuwa na sehemu yake katika shaka ya mume, ingawa hakuna aliyeitaja kwa jina hilo.

Kisha Michael akaenda kukesha kwenye boma la Kylenagranagh, akiamini kuwa mke wa kweli atatoka amepanda farasi mweupe, naye atazikata kamba na kumrejesha nyumbani. Farasi hakutokea. Tarehe 22 Machi polisi waliufukua mwili wa Bridget katika shimo fupi, si mbali na nyumba yake. Mwezi Julai, mjini Clonmel, Michael alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Aliachiliwa mwaka 1910, akahamia Kanada.